Darasa la Bando: Niliyoyaona Kabla Sijawa Mwalimu Kamili

Sisi tunaosomea ualimu sasa hivi hakuna aliyetuuliza kama tunataka kusoma kwa mtandao. Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu wa Tanzania alitangaza shule zifungwe kwa sababu ya corona, mimi nikiwa kidato cha nne, mwaka wa mtihani. Tulirudi darasani Juni 29. Katika miezi hiyo ya katikati kulikuwa na vipindi vya redio na televisheni, na kulikuwa na kundi la WhatsApp alilolifungua mwalimu wetu wa Fizikia kwa kutumia namba za wazazi. Simu janja ya nyumbani kwetu ilikuwa moja, ya baba, na baba alikuwa anatoka nayo alfajiri kwenda gereji anakofanyia kazi. Somo lililotumwa asubuhi mimi nililipata usiku, mdogo wangu wa darasa la sita akiwa amekaa pembeni anasubiri zamu yake, na chaji inakaribia kuisha.

Kilichokuwa kinakuja ni picha za daftari la mwalimu, nyingine zimepigwa na kivuli cha mkono juu ya mlinganyo wenyewe. Mwishoni mwa kila somo mwalimu aliandika kama alivyozoea kusema darasani: "Tuko pamoja?" Chini yake majibu yanamiminika. "Ndiyo sir." "Pamoja sana mwalimu." Vidole gumba visivyo na idadi. Siku moja nilipanda juu kwenye mazungumzo nikaona kidole gumba kimetoka kwenye namba yetu, saa za kazi. Baba alikuwa amejibu kwa niaba yangu. Nilipomuuliza akasema, "Sasa mwalimu wa watu anauliza, nimkalie kimya?" Adabu hiyo ilimfanya mwalimu aamini kwamba binti wa fundi ameelewa msukumo na mwendo, wakati binti mwenyewe hajaliona hata somo.

Nimesoma kozi kadhaa za saikolojia ya elimu na teknolojia ya elimu tangu nifike chuoni, lakini kipimo ninachopimia kila zana ya kidijitali nilikipata kwenye kile kidole gumba cha baba. Kupeleka somo kwa mwanafunzi ni kazi ambayo karibu zana zote zinaiweza. Mimi naangalia kinachorudi kwa mwalimu: kama kuna chochote kinachorudi, na kama kinachorudi ni cha mwanafunzi mwenyewe.

Mama yangu mkubwa ni mwalimu mstaafu, mmoja wa wale waliochukuliwa vijijini baada ya Azimio la Musoma la 1974 ili nchi ipate walimu wa kutosha wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Walifundishwa hapo hapo walipo: wanashika darasa, wanasoma vijitabu vya masomo kwa njia ya posta, wanasikiliza vipindi vya redio. Huyu mama nilimweleza kwa mbwembwe kwamba tunasoma kwa mtandao, akaniangalia tu. Akasema na wao walisoma kwa mbali, lakini redio ikishasema, mkufunzi alikuwa anakuja kwa baiskeli kuangalia madaftari. Na kampeni ya "Mtu ni Afya" ya 1973 iliendeshwa vivyo hivyo. Redio ilirusha kipindi, lakini watu walikaa kwenye vikundi vyenye kiongozi, wakajadili, wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Walioshiriki walifikia takriban milioni mbili. Nchi yetu ina uzoefu wa miaka mingi wa kufundisha watu walio mbali, na Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992, kabla simu ya mkononi haijawa kitu cha mtu wa kawaida. Tukija kwenye intaneti tunaongea kana kwamba tunaanza sifuri, kisha tunasahau kile kipande cha mkufunzi na baiskeli yake.

Nilipofika chuo mwaka 2023 nilikutana na Moodle. Kwa wasioijua, ni mfumo wa kuendeshea kozi: mhadhiri anaweka notisi, mazoezi, majaribio na ukumbi wa majadiliano, na mwanafunzi anaingia kwa namba yake ya usajili. Mtu aliyeubuni anaitwa Martin Dougiamas, Mwaustralia aliyekulia jangwani ambako watoto walisomeshwa kwa redio ya mawimbi mafupi na makaratasi yao kuletwa kwa ndege, na toleo la kwanza kamili lilitoka 2002. Ukijua hilo unaelewa kwa nini mfumo umejaa sehemu za mwanafunzi kujibu, kuuliza na kujadiliana na wenzake. Kwetu sehemu hizo nyingi zilikuwa tupu. Kozi baada ya kozi, Moodle ilikuwa stoo ya PDF. Unaingia, unapakua slaidi za mwaka juzi, unatoka. Ukumbi wa majadiliano una ujumbe mmoja tu wa mhadhiri, "Karibuni", na hakuna aliyekaribia. Majadiliano halisi yalikuwa kwenye kundi la WhatsApp la CR, kiongozi wa darasa letu, yakichanganyika na matangazo ya boom, yaani pesa za mkopo, na mtu anayeuza viatu.

Sizilaumu stoo. Stoo nzuri ina faida yake, na hilo tulilijua vizuri Mei 12, 2024, siku nyaya za baharini zinazoileta intaneti pwani yetu ya mashariki zilipokatika. Ilikuwa Jumapili. Kwa siku kadhaa mtandao ulikuwa wa kukokota au haupo kabisa. Waliokuwa na kazi zao kwenye Google Drive walibaki wanaangalia duara likizunguka. Lakini ukiwa ndani ya eneo la chuo, kwenye Wi-Fi ya chuo, Moodle ilifunguka kama kawaida, kwa sababu seva iko hapo hapo, haivuki bahari kwenda na kurudi. Watu ambao walikuwa hawajawahi kuigusa isipokuwa kwa lazima walijazana vibarazani na kompyuta zao. Mimi nilirudi chumbani na wazo moja ambalo limenifuata mpaka leo: kilicho karibu na mwanafunzi kinashinda kilicho kizuri lakini kiko mbali. Nilikuja kulitumia Singida, nitafika huko.

Kabla ya Singida nimtaje mhadhiri mmoja wa kike, wa saikolojia ya elimu, ambaye bila kujua alinifundisha namna ya kuuliza swali mtandaoni. Vipindi vya Zoom vya wahadhiri wengine vilikuwa na sura moja. Mhadhiri anaongea, anauliza "Any question?", sekunde inapita, anasema "Okay, good", anaendelea. Na kama anatumia akaunti ya bure, dakika ya arobaini kipindi kinajikata chenyewe katikati ya sentensi, na wengine tunashukuru. Huyu mama alikuwa tofauti. Anauliza swali, halafu anasema: andikeni jibu kwenye kisanduku cha ujumbe, lakini mtu asitume mpaka niseme. Kimya. Unasikia hata jogoo wa jirani yake. Dakika nzima. Kisha: "Haya, tumeni." Majibu mia na zaidi yanashuka kwa mpigo, na hakuna aliyemwiga mwenzake kwa sababu hakuna aliyemwona mwenzake. Anayasoma kwa sauti, anasema, naona kundi kubwa limechanganya hiki na kile, basi turudi nyuma.

Baadaye tukasoma kwamba Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kuwa walimu wengi wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu, na kwamba wakivumilia hadi tatu hivi, majibu huwa marefu zaidi na wanaojibu huongezeka. Kwenye Zoom sekunde tatu hazitoshi, maana mtu anatafuta kitufe cha kipaza sauti, mwingine mtandao wake uko nyuma, mwingine bando limeisha anaazima hotspot kwa mwenzake wa kitanda cha juu. Mtandaoni unasubiri mpaka ujisikie vibaya, halafu unaongeza kidogo.

Kwenye bando lenyewe, nitasema moja tu kwa sababu kila mtu anayajua mengine. Kipindi cha video cha saa moja kinakula mamia ya MB. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika tano haufiki MB mbili. Mwalimu anayechagua video wakati sauti na picha moja ya ubao zingetosha, anamchagulia mwanafunzi wake kati ya somo na chakula cha mchana. Sisemi kwa kutia chumvi. Hesabu hiyo tuliifanya wengi wetu kila wiki, hasa wiki za mwisho kabla mkopo haujaingia.

Mazoezi ya kufundisha, BTP, nilipangiwa shule ya kata moja wilayani Iramba, mkoani Singida. Kidato cha pili, mkondo mmoja, wanafunzi sabini na kitu. Umeme upo, ukipenda. Chumba cha kompyuta kipo, chenye kompyuta nne ambazo moja inawaka. Walimu wana vishikwambi, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha vikagawiwa kwa walimu, na vingi kazi yake ni semina za MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, na kutazama mpira. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, hilo ni agizo na linafuatwa kwa ukali. Simu ikikamatwa, mzazi anaitwa.

Mwalimu mwenyeji wangu, mzee wa makamo aliyefundisha Fizikia tangu mimi sijazaliwa, alinipokea vizuri lakini kwa mashaka. "Mnakuja na makompyuta yenu," aliniambia, "mnaondoka nayo, watoto wanabaki wananiuliza mimi kwa nini sina." Nikaona ana haki. Nikajiwekea sharti kwamba chochote nitakachotumia lazima kibaki.

Mada ilikuwa umeme, sheria ya Ohm na saketi. Nilikuwa nimepakua maigizo ya PhET, yale ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya Fizikia ya 2001. Uzuri wake ni kwamba igizo moja ni faili moja, unaliweka kwenye flashi, linafunguka kwenye kivinjari bila intaneti hata chembe. Igizo la saketi linakupa betri, waya, balbu, swichi na mita, unaviburuta unaviunganisha, na ndani ya waya unaona vidoti vya buluu vinatembea. Hakukuwa na projekta. Laptop yangu niliiweka kwenye dawati nyuma ya darasa, kikundi kinakuja baada ya kikundi, huku wengine mbele wana betri za tochi, waya za shaba tulizochuna wenyewe, na balbu ndogo.

Kijana mmoja, nitamwita Juma, akaunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu kwenye skrini. Betri ikawaka moto. Darasa zima likaacha kazi likaja nyuma. "Madam, hata hii ya kweli inawaka?" Nikawaambia washike ya kweli waone, sekunde chache tu, kisha waachie. Haikuwaka. Ilipata joto, waya ikapata joto zaidi, na mwenye vidole vyepesi akaitupa. Basi tukawa na swali ambalo hakuna andalio la somo lililolipanga: kwa nini ya kwenye kompyuta inawaka na hii inapata joto tu? Tukafika, kwa kusukumana, kwenye ukinzani ulio ndani ya betri yenyewe, jambo ambalo wengi hukutana nalo baadaye sana na kulikariri kama fomula.

Kesho yake ikaja sura ya pili ya jambo hilo hilo. Walipochora grafu ya volti na mkondo kwa namba za kwenye igizo, nukta zote zilikaa kwenye mstari kama zimepigwa rula. Walipochukua vipimo kwa ammita na voltmita za shule, nukta zilitawanyika, moja imeenda mbali kabisa. Wasichana wawili wakaanza kufuta. Walikuwa wanarekebisha vipimo vyao vifanane na kompyuta! Ile nukta iliyokimbia ilitokana na waya yenye kutu kwenye kiungo, na ndiyo iliyokuwa na fizikia kuliko zote. Tangu hapo nikabadili mpangilio: kwanza mikono iguse vitu vya kweli na ipate namba chafu, ndipo kompyuta ije kuonyesha lile lisiloonekana, yaani vile vidoti vinavyotembea. Ukianza na igizo, mtoto anaona dunia ndiyo iliyokosea.

Lakini hata hapo nilikuwa bado sijui nani ameelewa. Watoto sabini, nikiuliza "Tuko pamoja?" wanaitikia "Ndiyo madam!" mpaka bati linatetemeka. Nikaleta kadi za Plickers. Hizi ni karatasi tu zenye mchoro mweusi wa miraba, kila kadi na mchoro wake, na pande zake nne zina herufi ndogo A, B, C, D. Mwanafunzi anaigeuza ili herufi ya jibu lake iwe juu, anainyanyua, na mwalimu anazungusha kamera ya simu yake darasani. Simu inasoma kadi zote na kukuambia nani kajibu nini. Kifaa ni kimoja, cha mwalimu. Mwanafunzi hahitaji simu wala bando, na jirani hawezi kuchungulia kwa sababu michoro haifanani na herufi ni ndogo. Kadi mwisho ni 63, kwa hiyo wengine walikaa wawiliwawili kwa kadi moja, nao wakabishana kabla ya kunyanyua, jambo ambalo nililipenda kuliko nilivyotarajia. Nilizitoa kopi steshenari ya pale senta, tukazibandika kwenye manila kwa uji wa sembe, gundi ya kila shule ya kata.

Swali la kwanza niliuliza kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa sekondari: mkondo wa umeme ukishapita kwenye balbu, je, unaongezeka, unapungua, unabaki ule ule, au unaisha? Majibu yakasambaa kwenye herufi zote nne, karibu sawa kwa sawa. Nikaliuliza swali lile lile kwa Kiswahili, neno kwa neno. Majibu yakahama mbele ya macho yangu. Zaidi ya nusu ya darasa wakaenda kwenye "unapungua".

Nilisimama na simu mkononi nikiangalia michoro miwili ya nguzo, mmoja wa majibu ya kila lugha. Ya kwanza ilikuwa inasema watoto hawajaelewa swali, wanabahatisha. Ya pili ndiyo iliyonionyesha wanachoamini, kwamba balbu inakula umeme na unaobaki ni mchache. Ni imani inayojulikana duniani kote kwa wanaofundisha umeme, na ina mantiki yake, maana nyumbani tunasema LUKU imeisha, umeme umeisha. Kama ningebaki na majibu ya Kiingereza peke yake ningerudia somo zima kuanzia mwanzo, kwa Kiingereza kile kile, kwa sauti kubwa zaidi. Badala yake tukaweka ammita kabla ya balbu, tukasoma; tukaihamishia baada ya balbu, tukasoma tena. Namba ile ile. Tukaenda kwenye laptop kuangalia vidoti: vinaingia kwenye balbu na kutoka kwa mwendo ule ule. Kilichotumika ni nishati. Swali likarudi kwenye kadi, kwa lugha zote mbili, na safari hii waliobaki kwenye "unapungua" walikuwa wachache kiasi kwamba niliweza kukaa nao mezani jioni.

Kuhusu lugha nina msimamo wangu na sitauficha. Mtihani wa taifa utakuja kwa Kiingereza na mwanafunzi lazima aandaliwe kwa huo. Lakini video nyingi za elimu tunazowatumia watoto zimesemwa kwa lafudhi na kasi ya watu wa mbali sana, na mtoto wa Iramba anazitazama kama anavyotazama sinema isiyotafsiriwa. Nilianza kurekodi sauti fupi, maelezo kwa Kiswahili na istilahi kwa Kiingereza, nikaziweka kwenye vishikwambi viwili vya walimu waliokubali kuviazimisha saa za prepu. Zikasikilizwa kuliko video zozote. Kisa kimoja tu: zinarudishwa nyuma. Kuna binti ambaye darasani hakuwahi kunyoosha mkono, nilimkuta ameirudia sekunde kumi zile zile mpaka mwenzake akalalamika. Mimi darasani nikimuuliza "nirudie?" asingesema. Kitufe cha kurudisha nyuma hakimwaibishi mtu.

Pamoja na sauti hizo niliweka Kolibri kwenye ile kompyuta moja inayowaka. Ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality, imetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti: unapakia masomo mara moja mahali penye mtandao, halafu vifaa vingine vinajiunga kupitia ruta ndogo hapo hapo chumbani. Ndiyo ile Moodle ya chuo siku nyaya zilipokatika, nikaihamishia kijijini. Ina hisabati ya Khan Academy kwa Kiswahili, na ina ukurasa wa mwalimu unaoonyesha nani amejaribu zoezi gani na amekwama wapi. Huko ndiko nilikogundua kwa nini watoto wangu wanashindwa kutafuta R, yaani ukinzani, kwenye V = IR. Fizikia waliielewa. Walikuwa wamekwama kwenye kugawanya kwa herufi, na wengine nyuma zaidi, kwenye hesabu za sehemu, zile za nusu na robo, za shule ya msingi. Mwalimu mwenyeji alikuja kuangalia ukurasa ule, akanyamaza muda mrefu, akasema, "Kumbe nimekuwa nikifundisha ghorofa ya pili." Niliona ni bora nisiongeze neno.

Sasa hivi chuoni tunalo jingine, hii akili mnemba ya kuandika. Wenzangu wanaiagiza andalio la somo na linatoka ndani ya nusu dakika, Kiingereza safi, malengo yamepangwa. Nimesoma mengi. Karibu yote yanamgawia kila mwanafunzi kompyuta, na moja liliwapeleka watoto wa Iramba kwenye "ziara ya kituo cha sayansi" dakika ya ishirini ya kipindi. Naitumia kutunga maswali ya kuchagua, hasa majibu yasiyo sahihi yenye kushawishi, maana hapo ina ubunifu. Andalio la somo naandika mwenyewe. Haijui kama kesho kuna mnada na nusu ya darasa haitakuja.

Na agizo la simu? Nililiona lina maana zaidi nilipokuwa mwalimu kuliko nilipokuwa mwanafunzi. Darasa la watoto sabini wenye simu sabini sitaki kuliona. Ila tumelielewa kana kwamba linakataza kila kitu chenye skrini, na vishikwambi vinafungiwa kabatini vikiwa vizima, chaji imejaa, kwa kuogopa kuvunjwa. Mkuu wa shule alikubali viwili vitoke kwa sharti la kusainiwa kwenye daftari, kutoka na kurudi. Daftari hilo lilifanya kazi kuliko semina. Hakuna kilichovunjika.

Nilipoondoka, kompyuta yenye Kolibri ilibaki na vijana wawili wa kidato cha tatu wanaojua kuiwasha na kuizima. Faili za PhET zipo juu ya desktop, ndani ya folda yenye jina la mwalimu mwenyeji. Kadi zilibaki pia, lakini juzi alinipigia simu kuniambia app ya kusoma kadi ameachana nayo, inamsumbua kuingia na mtandao wa pale unapotea. Amewaambia watoto waandike A, B, C na D kubwa kwa kalamu ya maka nyuma ya zile kadi, kila pembe herufi yake. Anauliza swali, anahesabu moja mpaka tatu, wananyanyua kwa pamoja wamefumba macho. Anaangalia tu. Alikuwa ananipigia kuuliza kama ninaweza kumtumia maswali mengine ya namna ile ya balbu, ya mada ya sumaku, yenye majibu ya kudanganya. Nimemtumia kwa WhatsApp, kwa Kiswahili na Kiingereza, na ameshanirudishia mawili akisema hayadanganyi vya kutosha.